Kutoka Samail hadi Sur: mwezi wa tende nchini Oman

Jumatatu, Samail

Barabara ya kutoka Muscat kwenda bara inafuata bonde la Samail, pale milima ya Hajar ilipoachia njia, na ukishaingia bondeni humo mitende haikuachi tena. Imesimama pande zote mbili za wadi, yaani mkondo wa maji wa bondeni, kijani kibichi chini ya majabali makavu, na kila kijiji kina shamba lake na falaji yake, yaani mfereji unaoleta maji kutoka mlimani. Nimekuja Julai kwa makusudi. Mchana joto linapita nyuzi 45, lakini huu ndio mwezi ambao aina mbalimbali za tende zinaonekana mtini kila moja na hatua yake. Naghal imeshakwisha kuchumwa, Khalas na Khunaizi zinaiva, Fardh na Khasab bado zinasubiri. Kwa mtu anayetaka kuona kwa macho jinsi mitende inavyohitilafiana, hakuna mwezi bora.

Mwenyeji wangu ni mzee aliyezaliwa Unguja akaja Oman na wazazi wake miaka ya sabini. Kiswahili chake bado cha Mji Mkongwe, hakijachujuka hata kidogo. Namwita ami. Shamba tulilofikia ni la ukoo wa mkewe, na sehemu kubwa ni Fardh, maana Samail na Fardh ni majina yanayotajwa pamoja tangu zamani. Katika karne ya 19 tende za Fardh zilipakiwa Muscat na kupelekwa kwa meli mpaka New York.

Ami alinisimamisha mwanzoni mwa safu moja ndefu, akanyoosha mkono. "Hii yote unayoiona, mwanangu, ni mtende mmoja."

Maneno yake ni ya kisayansi kabisa. Mtende wa tende nzuri haupandwi kwa kokwa. Unapandwa kwa chipukizi linaloota shinani mwa mama yake, kama tunavyofanya kwa migomba, na chipukizi hilo lina vinasaba vilevile vya mama. Likikua likatoa machipukizi yake, nayo ni yaleyale. Kwa hiyo Fardh ya leo ni mti uliowahi kuota mara moja tu, mahali fulani, kwenye shamba la mtu ambaye jina lake limesahaulika, kisha watu wakaugawa kwa mikono kutoka bonde hadi bonde kwa karne nyingi. Unapokula Fardh unakula tunda la mti huohuo.

Ukipanda kokwa mambo yanabadilika. Mtende una miti dume na miti jike, na mche wa kokwa hupata nusu ya vinasaba kwa mama na nusu kwa baba. Karibu nusu ya miche itakuwa madume, na hutajua lipi dume na lipi jike mpaka ichanue, jambo linaloweza kuchukua miaka mitano au zaidi. Na yale majike yatakayozaa hayatazaa tende za mama yao. Nyingi zitakuwa ndogo, zina nyama haba, zina ukakasi. Mara chache sana atatokea mmoja aliye bora kuliko wazazi wote wawili. Hapo ndipo kila aina yenye jina ilipoanzia.

Jumanne, Nizwa

Tulifika Nizwa jana usiku, na leo saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa sokoni. Tende mbichi zinauzwa mapema kabla jua halijakolea, kwenye makapu na trei za plastiki, na wauzaji wanaimba majina ya aina zao: Khalas, Khunaizi, Zabad, Barni. Oman inataja aina zaidi ya 200. Sokoni hapa nilihesabu chache mno kulinganisha na hizo, na Khalas peke yake ilijaza karibu nusu ya meza. Nilimuuliza kijana mmoja kwa nini. Akajibu kwamba mteja akija anataka Khalas, akikosa Khalas anaondoka.

Simlaumu mteja. Khalas iliyoiva nusu, upande mmoja bado tosa na upande wa pili umelainika, ni chakula cha kumfanya mtu anyamaze. Lakini nilikaa muda mrefu zaidi mbele ya muuzaji aliyekuwa na Khunaizi na Khalas kwenye trei moja, kwa sababu ya rangi. Tosa za Khunaizi ni nyekundu iliyoiva kama damu. Za Khalas ni njano. Kwa mkulima hizo ni alama za kutambulia aina, na kwa maelfu ya miaka hapakuwa na mtu aliyejua tofauti hiyo inatoka wapi hasa.

Sasa inajulikana, na habari yake inanifurahisha kila ninapoikumbuka. Mtende una jeni inayoitwa VIRESCENS, ambayo kazi yake ni kuwasha utengenezaji wa rangi nyekundu kwenye ganda. Katika mitende mingi yenye tende za njano, kipande cha DNA kinachoweza kujinakili na kuhama kiliingia katikati ya jeni hiyo na kuivuruga. Wanasayansi waliokigundua mwaka 2015, walipolinganisha vinasaba vya aina 62 za mitende kutoka nchi mbalimbali, walikipa kipande hicho jina la Ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyeandika juu ya njia za bahari yetu, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki. Msafiri ndani ya vinasaba akapewa jina la msafiri wa bahari. Nilimweleza ami pale pale sokoni, naye akamweleza muuzaji kwa Kiarabu, na muuzaji akaokota tosa moja ya njano akaitazama upya.

Aina ya Khalas ndiyo iliyotumiwa kutengeneza rasimu ya kwanza ya jenomu ya mtende, yaani vinasaba vyake vyote kwa ujumla. Kazi ilifanyika Doha, matokeo ya mwanzo yakawekwa wazi mwaka 2009, na chapisho kamili likatoka 2011. Toleo lililoboreshwa, la mwaka 2019, lina herufi za DNA takribani milioni 772. Katika kazi hiyo ya 2019 ilionekana pia kwamba aina ya sukari iliyomo kwenye tende, yaani kama ni sukari ya miwa au imeshavunjwavunjwa kuwa glukosi na fruktosi, inahusiana na jeni ambazo zimekatika na kupotea katika baadhi ya mitende. Ulimi wa mlaji unaonja tofauti iliyoandikwa kwenye kromosomu.

Jumatano, Birkat al-Mawz

Falaji ya hapa, Falaj al-Khatmein, ni mojawapo ya falaji tano za Oman zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji yanatoka kwenye mfereji wa mawe yakiwa masafi kiasi cha kuona changarawe chini. Yanagawanywa kwa zamu, na kipimo cha zamu ni athari, sawa na nusu saa. Kila mwenye shamba anajua athari yake ni ya saa ngapi, mchana au usiku wa manane.

Leo nilitaka kuona madume.

Ukitembelea mashamba ya mitende watu watakuonyesha majike tu. Ndiyo yenye majina, ndiyo yanayozaa, ndiyo yanayouzwa. Dume limesimama pembeni, karibu na ukuta au mwanzo wa mfereji, halina tende, na mgeni hulipita bila kulitazama. Dume moja linatosha kuchavusha majike 25 hadi 50, kwa hiyo shamba zima linaweza kuwa na madume mawili matatu. Mwenye shamba hili, shemeji yake ami, alitupeleka kwenye dume lake kuu, mtende mnene wenye makuti mengi yaliyobanana. Shinani kulikuwa na mabaki ya makarara ya msimu uliopita, makavu, yamepinda kama mashua ndogo. Alichukua moja akaligonga ukutani, na vumbi jeupe hafifu lilidondoka kwenye kiganja chake. Ni chavua ya Januari. Haina nguvu tena, lakini harufu yake bado ipo, nzito kidogo, karibu na unga mbichi.

Alieleza kazi ya kuchavusha. Karara la dume likipasuka, wanakata vishada vya maua yake, wanavikausha kivulini, kisha mtu anapanda kila jike na kuingiza vijiti kadhaa vya maua ya dume katikati ya maua ya jike, halafu anafunga kwa ukuti. Jike moja linaweza kupandwa mara kadhaa, kwa sababu makarara yake hayapasuki siku moja. Upepo ungefanya kazi hii kama nusu ya miti ingekuwa madume. Katika shamba lenye dume moja kwa majike hamsini, mkono wa binadamu ndio upepo.

Nikamuuliza dume lake ni la aina gani. Akasema Bahlani. Nchini Oman wakulima wanayapa madume majina na kuyachagua. Bahlani na Khori ndiyo yanayosifiwa zaidi, kwa wingi wa chavua na kwa kuchanua mapema. Uchaguzi huo una maana kubwa, kwani dume haliachi alama yake kwenye kokwa peke yake. Chavua ya dume moja inaweza kuifanya tende iive mapema kidogo kuliko chavua ya dume lingine, au iwe kubwa zaidi, ingawa nyama ya tende ni ya mama. Walter Swingle, mtaalamu wa mimea wa Marekani, aliieleza hali hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920, na wakulima wa huku walikuwa wakiitumia kabla yake.

Kinachoamua dume au jike nacho kimeshajulikana kwa kiasi kikubwa. Mtende una mfumo wa kromosomu za X na Y, dume likiwa na zote mbili. Mwaka 2018 watafiti walisoma vinasaba vya spishi zote 14 za jinasi ya Phoenix, ukoo wa mtende na jamaa zake, madume na majike, wakakuta jeni nne tu ambazo sehemu zake zimo katika madume yote waliyoyapima. Maana yake utengano wa dume na jike ulitokea kabla spishi hizo hazijaachana. Kwa mkulima faida iko wazi: jani la mche mchanga likipimwa, anaweza kujua jinsia yake bila kungoja miaka mitano.

Jambo lililonikaa moyoni ni jingine. Madume mengi ya mashambani yameota kwa kokwa. Kila moja ni mti wa peke yake, haufanani kivinasaba na mwingine wowote duniani, tofauti na ile safu ya Fardh ya Samail. Ukiangalia shamba kwa macho ya soko, utajiri wake ni majike. Ukiliangalia kwa macho ya vinasaba, sehemu kubwa ya tofauti imo kwenye yale madume ya ukutani ambayo hayaandikwi kwenye daftari lolote na ambayo, mtu akitaka nafasi ya kuegesha gari, hukatwa ya kwanza. Shemeji wa ami alikiri kwamba marehemu baba yake alikuwa na madume sita. Yeye amebaki na mawili, kwa sababu siku hizi chavua inanunuliwa.

Alhamisi, Jimah

Jimah iko karibu na Bahla, na serikali ina maabara huko ya kuzalisha mitende kwa njia ya tishu, yaani kukuza miche chupani kutoka kiini cha chipukizi. Hatukuruhusiwa kuingia vyumba vya ndani, jambo linaloeleweka, kwa sababu kuvu ndogo tu ikiingia kwenye chupa kazi ya miezi inaharibika. Kupitia kioo niliona rafu za chupa chini ya taa nyeupe, ndani yake vijani vidogo kuliko kidole.

Faida yake ni kubwa. Mtende hutoa machipukizi machache, pengine kumi au ishirini maishani, na karibu yote katika miaka ya ujanani. Mtende mzee uliobaki peke yake wa aina yake hauna njia nyingine ya kuongezwa. Kwa tishu, kiini cha chipukizi kimoja kinatoa miche maelfu. Tena miche ya chupani haibebi fukusi mwekundu, yule mdudu anayetoboa shina mpaka mti unaanguka. Aliingia Oman mwaka 1993, na duniani kote njia yake kubwa ya kusafiri imekuwa machipukizi yaliyohamishwa shamba hadi shamba.

Hasara zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba baadhi ya miche ya tishu hugeuka njiani. Mti unakua vizuri, unachanua, halafu maua hayashiki chavua na tende zinatoka bila kokwa, ndogo na hazifai. Ya pili inanitia wasiwasi zaidi. Maabara hutengeneza kile kinachoombwa, na kinachoombwa ni aina zilezile chache. Chombo chenye uwezo wa kuokoa aina iliyobaki na mti mmoja kinatumika zaidi kuongeza aina ambayo tayari ina mamilioni. Ningependa kila maabara ya namna hii duniani itenge rafu moja, moja tu, kwa mitende isiyo na soko.

Tukirudi kwenye gari nilimsimulia ami habari ya Medjool, aina ya tende iliyotoka Morocco. Mwaka 1927 huyohuyo Swingle alichukua machipukizi 11 kwenye oasisi ya Bou Denib nchini Morocco, yote kutoka mti mmoja, na kuyapeleka Marekani. Yaliwekwa karantini Nevada, yakasalimika tisa, na kutoka hayo tisa yakaja mashamba ya Medjool ya California na Arizona. Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Morocco ilikuwa inaangamizwa na bayoud, ugonjwa wa kuvu ya Fusarium inayoingia kwa mizizi, na ndani ya karne moja uliua mitende zaidi ya milioni 10 nchini humo. Medjool haina kinga dhidi yake. Kinga ilipatikana kwenye aina nyingine za kienyeji, zile ambazo hazikuwa na bei. Ami alinyamaza kidogo kisha akauliza kama bayoud imefika Oman. Haijafika.

Ijumaa, Misfat al-Abriyyin

Siku ya mapumziko. Tulisali Al Hamra, tukapanda kijijini alasiri. Mashamba ya Misfat yamejengwa kwa ngazi ubavuni mwa mlima, na falaji inapita juu ya ukuta ambao watu wanautembea kama njia. Niliona mitende mingi ambayo ami hakuweza kuitaja. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini alitaja mitatu, na jina moja kati ya hayo ami alilijua kwa mtende tofauti kabisa wa Samail.

Hilo ni tatizo la kweli kwa anayetaka kuhesabu aina. Katika oasisi ya Siwa, Misri, watafiti waliolinganisha majina ya wakulima na vinasaba vya miti walikuta kwamba baadhi ya majina yanafunika miti ya asili tofauti, iliyounganishwa na wakulima kwa sababu tende zake zinafanana. Orodha ya majina ni jambo moja na orodha ya miti ni jambo jingine, na zote mbili zinahitajika: ya kwanza inahifadhi ujuzi wa watu, ya pili inahifadhi vinasaba.

Jumamosi, Bidiya

Safari ndefu kuelekea mashariki, kupitia Ibra, mpaka mahali ambapo mashamba yanapakana na mchanga mwekundu wa jangwa. Hapa Julai ni mwezi wa tabsili, kuchemsha tende, na tulifika asubuhi kazi ikiwa imepamba moto.

Tende za Mabsli hukatwa zikiwa bado tosa, njano, ngumu, shada zima kwa pamoja. Aliye juu ya mti analishusha shada kwa kamba ili lisianguke, na walio chini wanazipura tende kutoka kwenye vijiti. Kisha zinatiwa kwenye masufuria makubwa ya shaba yaliyojengewa juu ya jiko la udongo na mawe, na moto unawashwa kwa makuti makavu na vigogo vya mitende yenyewe. Maji yanageuka rangi ya chai. Mpishi hana saa. Anachota tende moja kwa kata yenye matundu, anaibonyeza, anaangalia ganda lilivyokunjamana, anairudisha. Zikiwa tayari zinaopolewa, zinamwagwa uwanjani juani, na hukaa siku kadhaa mpaka zikauke na kugongana kama kokoto. Wateja wakubwa kwa muda mrefu wamekuwa wafanyabiashara wa India.

Nilikula moja iliyotoka sufuriani. Ina utamu wa chini, na ndani bado imekaza, karibu na muhogo.

Kwa nini Mabsli na si Khalas? Kwa sababu Khalas ukiichemsha hupati kitu cha maana, na Mabsli ukiiacha ilainike mtini huipati bei. Kuna aina chache tu zinazofaa tabsili, nyingine ni Bu Narinja na Madluki. Hapa ndipo nilipoona kwa nini nchi moja ilihitaji aina nyingi namna hii. Naghal ni ya kufungua msimu, watu walipokuwa wametoka kwenye miezi ya njaa. Khalas ni ya kula mbichi na kuwekea wageni. Fardh inavumilia safari na ghala. Khasab inachelewa, ikarefusha msimu mpaka mwisho wa joto. Mabsli ni ya kuchemsha na kuuza mbali. Kila kazi ilihifadhi mtende wake, na kazi ikifa mtende wake unakosa mtetezi. Mwenye masufuria aliniambia jirani zake wawili wameacha tabsili, vijana hawataki kukaa mbele ya moto Julai. Mitende yao ya Mabsli bado imesimama. Hakuna aliyepanda mipya.

Jumapili, Wadi Bani Khalid

Maji ya wadi hii hayakauki, na mitende imeota mpaka kwenye nyufa za mawe ambako hakuna mtu angepanda. Waomani wanaiita mitende ya namna hii qash, iliyojiotea kwa kokwa. Ami, kama wakulima wengi, hutamka neno hilo kwa sauti ya kudharau. Lakini alipofikiria kidogo aliorodhesha mwenyewe aina zenye sifa ambazo jina lake linaanza na neno hilo: Qash Tabaq, Qash Jabrin. Ni qash zilizofaulu.

Nilitumia asubuhi kuokota kokwa chini ya mitende hiyo na kuzipanga juu ya jiwe, kando ya kokwa za Khalas na Fardh tulizokuwa nazo kwenye kopo la chakula. Kila kokwa ya tende ina mfereji kwa upande mmoja, na upande wa pili kuna kidoa kidogo cha mviringo, mlango ambao mche utatokea. Za Khalas na Fardh ni ndefu, zimechongoka. Za qash zilikuwa za kila namna, fupi, nene, nyembamba, moja imepinda. Hakuna mti uliorudia wa jirani yake.

Umbo la kokwa lilitoa mojawapo ya majibu makubwa kuhusu asili ya mtende. Kwa muda mrefu haikujulikana kama mtende-pori halisi bado upo, kwa sababu mtende uliojiotea porini unaweza kuwa mjukuu wa kokwa iliyotupwa na msafiri. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba katika milima ya Oman, sehemu za mbali zisizo na mashamba, kuna mitende yenye kokwa ndogo za mviringo, tofauti na za shambani, na vinasaba vyake vikathibitisha kwamba hiyo ni ya pori kweli. Na ilikuwa na tofauti za kivinasaba ambazo mitende ya shambani ya leo haina.

Matokeo hayo yalifungua swali jingine. Mitende ya dunia imegawanyika makundi mawili: ya mashariki, kuanzia Bara Arabu na Iraq mpaka Pakistan, na ya magharibi, Afrika Kaskazini. Kokwa za kale kabisa zilizofukuliwa ziko upande wa Ghuba, mojawapo kisiwani Dalma, zina takribani miaka 7,000, kwa hiyo ungetegemea kundi la mashariki liwe na tofauti nyingi zaidi. Imekuwa kinyume. Mwaka 2019 sababu ilionekana: mitende ya Afrika Kaskazini ilichanganya damu na Phoenix theophrasti, mtende-pori wa Krete na pwani za jirani, ambao tunda lake halina thamani kwa mlaji. Hadi asilimia 18 ya jenomu ya mitende hiyo imetoka huko. Tende ya Deglet Noor inayosifiwa dunia nzima ni ya kundi hilo, lenye jamaa asiyelika ndani yake.

Ami alizoa zile kokwa za qash kutoka juu ya jiwe akazitia mfukoni. Alisema atazipanda kando ya ukuta wa Samail.

Jumatatu, Sur

Barabara inashuka milimani na bahari inajitokeza. Sur ilijenga majahazi, na kwa karne nyingi majahazi ya hapa na ya Ghuba yalipakia tende, chumvi na papa mkavu, yakaja na kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, yakarudi na kusi yakiwa na boriti na karafuu. Babu yake ami alivuka hivyo. Alikula tende njia nzima, na kokwa alizitema kama watu wote walivyozitema.

Katika miji ya kale ya pwani yetu ipo mitende iliyosimama uani na kando ya misikiti. Inachanua, na ikibahatika kupata dume inazaa, ingawa unyevu na mvua huziharibu tende kabla hazijaiva. Watu huiona ya pambo. Baada ya wiki hii naiona kuwa qash za safari hizo, kila mmoja ukiwa na baba na mama wa Samail, Basra au Bidiya, pengine wa aina ambayo huku imeshakatwa. Miti hiyo imevumilia unyevu ambao mitende ya bara ya Oman haijawahi kuuona, na uvumilivu wa namna hiyo ndio unaotafutwa na wazalishaji wa mbegu wakati huu hali ya hewa inapobadilika.

Kuipima si kazi ngumu. Kipande cha jani changa kinachotosha kiganjani, kikikaushwa haraka ndani ya pakiti ya silika jeli, kinahifadhi DNA kwa miezi. Kinachohitajika zaidi ni mtu wa kuuliza wenye nyumba: mti huu aliupanda nani, uliota wenyewe, umewahi kuzaa, tende zake rangi gani? Wanaokumbuka majibu ni wazee, na nimeshaanza kuandika majina yao. Ami amenipa ya watu wanne, wawili Unguja na wawili Lamu, na leo jioni tutawapigia simu.